Nani Aliwapikia?

Pale Edmonton, London, tulimwita Mpishi, na sidhani kama kuna mtu kati yetu aliyewahi kuuliza jina lake kamili. Mimi mwenyewe nililiona kwa mara ya kwanza kwenye pasipoti yake, siku niliyomsindikiza uwanja wa ndege, nikashangaa kwamba ana majina matatu kama watu wengine. Ukifiwa, unampigia Mpishi. Ukiwa na harusi, Mpishi. Kanisa letu lilipotaka kutengeneza paa tukaitisha harambee, kasisi mwenyewe ndiye aliyepanda ngazi kwenda kumwomba. Naye, mtu wa sala tano, akaingia ukumbi wa kanisa na sufuria zake, akauliza kibla kiko upande gani, akaswali kwenye kona karibu na piano, kisha akatupikia pilau ambayo mpaka leo waumini wanaitaja kuliko mahubiri ya siku ile.

Mimi ni muuguzi, mtoto wa Mombasa. Nimeishi naye jengo moja miaka kumi na minne, yeye ghorofa ya nne, mimi ya tatu, chini ya jiko lake kabisa, kwa hiyo kila alichoangusha nilikisikia. Aliniita Sista, kama wagonjwa wa kwetu wanavyowaita wauguzi, na kila nikimwamkia shikamoo aliitikia marahaba halafu papo hapo akaniuliza nimekula nini. Nikisema sandwichi, ananitazama kwa huruma ya kweli.

Hakuwahi kuniuliza kama nimechoka. Kwake uchovu na njaa vilikuwa kitu kimoja.

Kitu ambacho mgeni angekiona kwanza jikoni kwake ni kwamba Mpishi hakuwasha moto kimya kimya. Alisimama mbele ya jiko, mkono kwenye kitufe, akahesabu kurudi nyuma kwa Kiitaliano, kuanzia kumi: dieci, nove, otto, mpaka uno, ndipo akawasha. Hata kama ni chai ya mtu mmoja. Mimi nilimsikia kila alfajiri kupitia dari langu, na nakuambia nilijifunza hesabu za Kiitaliano bila kutaka. Siku nikichelewa zamu, nilikuwa nikisikia quattro, nne, najua bado sijavaa viatu.

Sasa, mtu wa upande wa Malindi kujua Kiitaliano si ajabu. Wauza vinyago wanakijua, walinzi wa hoteli wanakijua. Lakini hao walikiokota ufukweni kwa watalii. Mpishi alikiokota kazini, na kazi yenyewe ndiyo iliyomfanya awe hadithi. Zamani, kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma baharini. Moja lilikuwa la kurushia roketi. La pili, kwa umbali ulio salama kutoka lile la kwanza, lilikuwa la kuongozea, na wahandisi walikaa humo siku kadhaa, wakala, wakalala. Roketi zilipanda kutoka pale, na setilaiti zikaenda angani kutoka bahari yetu. Mpishi alikuwa kijana wa ishirini na kitu alipopata kazi ya jikoni jukwaa la pili.

Mimi nimesoma Kenya mpaka chuo, na hakuna mwalimu aliyenieleza jambo hilo likaniingia. Nilikuja kulisikia Edmonton, kwa mzee aliyekuwa akikatakata vitunguu.

Alikuwa na swali moja alilolipeleka kila mahali. Ukimwambia watu wamejenga daraja refu kuliko yote, anauliza, "Nani aliwapikia?" Ukimwonyesha kwenye simu watu waliopanda mlima wa barafu wakapiga picha na bendera, anauliza, "Nani aliwapikia?" Mwanzoni nilidhani ni mzaha. Halafu siku moja, baada ya zamu ya saa kumi na mbili mfululizo wodini, nikaona hakuna aliyewahi kuuliza sisi wauguzi tulikula nini, nikaanza kulielewa swali lake.

Lakini asije mtu akadhani nasimulia malaika. Mpishi alikuwa mkaidi. King'ora cha moshi jikoni kwake alikivisha kofia ya kuogea, nikamkemea kama muuguzi na kama jirani, kwa kuwa nyumba ikiungua mimi ndiye wa kwanza chini yake. Alinijibu, "Sista, hiki kinapiga kelele hata nikikaanga kitunguu kimoja. Hakina adabu." Nilikuwa nikiivua ile kofia, yeye anairudisha. Tulienda hivyo miaka.

Na lingine, ambalo halikuwa la kuchekesha. Mtu huyu wa roketi aliogopa ndege. Alikuja Uingereza kwa ndege mara moja, akapika miaka mingi kwenye jiko la shule hapa London, akastaafu, na hakupanda ndege tena. Mama yake alipofariki Ngomeni, hakwenda. Aliwapikia waliokuja kumpa pole, akatuhudumia mmoja mmoja, na mimi nikaona kabisa kwamba anajificha nyuma ya sinia. Nilipomuuliza baadaye, alisema, "Mimi nimesikia kinachowaka chini ya vitu vile." Nimesikia, alisema. Sikulitilia maanani neno hilo wakati ule.

Aliishi na binti yake, anayefanya kazi ya kutunza wazee majumbani, na mjukuu mmoja, Zuhura. Jina alilichagua yeye Mpishi, la ile nyota ya alfajiri. Zuhura amezaliwa hapa. Anaelewa Kiswahili chote, hata yale tusiyotaka aelewe, lakini majibu yake ni Kiingereza, moja kwa moja, kama mlango unaofungwa. Akitoka shule alishinda na babu yake, na chakula chake kikuu kilikuwa hizo hadithi za jukwaani.

Mpishi alisimulia vizuri mno. Alisema roketi ilipanda taratibu, moshi mweupe ukajaa chini yake, ikasimama kidogo hewani kana kwamba inafikiri, halafu ikakata mawingu. Alinyanyua mwiko polepole kuonyesha. Mimi nimeliona onyesho hilo la mwiko mara nyingi na kila mara lilinifurahisha.

Basi, Zuhura alipokuwa darasa la mwisho la msingi, mwalimu aliwataka watoto wamweleze mtu mmoja wa familia. Wengine wakaleta habari za babu aliyepigana vita, shangazi daktari. Zuhura akasimama na roketi ya Kenya. Darasa halikuamini kwamba kitu kama hicho kiliwahi kuwepo, na mwalimu, kwa nia njema kabisa, akatafuta kwenye mtandao akapata filamu ya zamani ya urushaji wa kule. Akaionyesha ubaoni. Kweli roketi ilikuwepo, na bahari ilikuwepo. Lakini roketi yenyewe ilikuwa nyembamba, na haikupanda taratibu. Haikusimama kufikiri. Ukipepesa macho, imeshakwenda. Watoto wakamgeukia Zuhura wakacheka, kwa kuwa alikuwa ameshanyanyua mkono polepole, kama babu yake na mwiko.

Binti wa Mpishi alinisimulia kwenye ngazi, lifti ikiwa mbovu kama kawaida. Zuhura alifika nyumbani, akaweka begi chini, akasema kwa Kiingereza, bila kupaza sauti, kwamba Babu hakuwepo. Kwamba aliona roketi kwenye televisheni kama watu wote.

"Na Mzee alisema nini?" nikauliza.

"Aliingia jikoni."

Tangu siku hiyo dari langu likanyamaza. Nilisikia maji, nilisikia sufuria, lakini hesabu sikuisikia. Kwenye msiba wa mama mmoja wa Tottenham aliwasha moto kama mtu yeyote tu anavyowasha, na pilau ikawa ya kuliwa, basi. Na mimi niseme ukweli wangu: nilimkasirikia. Mimi sipendi watu wa kujisifu, na hapa nilikuwa nimemwamini mtu miaka kumi na minne, nimewasimulia wenzangu kazini, nimejivunia. Wiki nzima nilipita mlango wake bila kubisha.

Kilichonirudisha kwake ni habari ya setilaiti.

Ninyi mnaikumbuka ile habari, nasi huku tuliipata kwa simu zikilia mfululizo: vijana wa kwetu, wahandisi wa Kenya, wametengeneza setilaiti, sasa inasubiri kurushwa. Ndogo, mtu anaweza kuikumbatia. Itapiga picha za mashamba yetu, za ukame na mafuriko yetu, tuzione wenyewe bila kumwomba mtu. Nilisoma nikiwa kwenye treni ya zamu, nikalia mbele za watu, na sikuona haya. Wodini niliitangaza kitanda kwa kitanda, mpaka mgonjwa mmoja akaniuliza kama nimeitengeneza mimi. Miaka yote niliulizwa habari za simba na wakimbiaji. Siku hiyo niliulizwa setilaiti yenu inaruka lini.

Na furaha ya namna hiyo huwezi kukaa nayo ghorofa ya tatu peke yako. Nikapanda kwa Mpishi, hasira nikaiacha kwenye ngazi. Nikampa simu. Kulikuwa na picha ya wale vijana wamevaa makoti meupe na kofia za kuziba nywele, wamekizunguka kile kijisanduku, wanatabasamu. Akavaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili, akawapitia sura moja moja.

"Wamekonda," akasema. Kisha akauliza taratibu, kama anayejaribu kama sauti bado ipo, "Nani aliwapikia?"

Tukakubaliana asubuhi ya kurushwa tuangalie kwake, kwa sababu televisheni yake ni kubwa. Kilikuwa kipindi cha likizo ya shule. Majirani wakaja mapema kabla ya kazi, Mpishi akakaanga mahamri, mbaazi zikawa tayari. Zuhura alikaa pembeni na tableti yake, anajifanya hatuoni. Hesabu ikaanza kwenye televisheni, kwa Kiingereza, maana roketi ilikuwa ya watu na ilirushwa nchi ya watu. Halafu ikasimamishwa. Upepo wa juu si mzuri, wakasema, tukutane siku nyingine. Watu wakaguna, wakaondoka na mahamri mikononi.

Siku hiyo nyingine tukaja tena, wachache zaidi. Ikaahirishwa tena. Jamaa mmoja akasema haya ndiyo mambo yetu, hata angani tunachelewa. Mpishi akamkatiza.

"Si yetu wala si yao. Upepo wa juu una njia zake. Kwetu tulikuwa tukipika chakula cha sherehe mara tatu, tunakila bila sherehe. Mpishi aliyekasirika wakiahirisha alikuwa hajui kazi."

Jamaa akaenda zake. Tukabaki mimi, siku yangu ya mapumziko, na Mpishi, na Zuhura, ambaye aliinua macho kutoka kwenye tableti akauliza kwa Kiingereza, kwa ubaya kidogo, kama hilo la kuahirisha Babu aliliona kweli au nalo ni la televisheni.

Nilitaka kumkemea. Mpishi akaninyanyulia mkono.

"Sikuona," akasema.

Zuhura akamtazama.

"Sikuona hata moja, mjukuu wangu. Nilikuwa jikoni. Kazi yangu ilikuwa hii: zikibaki dakika kumi, nafunga gesi. Nafunga mitungi na mnyororo. Napitisha kamba kwenye vipini vya sufuria zote, nazifunga ukutani. Wakifika cinque, tano, naweka viganja juu ya mifuniko, hivi, naikandamiza isilie. Ndiyo kazi niliyopewa. Mara ya kwanza sikuishika, ikaanguka yote kwenye sakafu ya chuma, na wale wa chumba cha pili walikuwa wanasikiliza redio. Mkubwa wao akaja akanifokea kwa Kiitaliano, na wakati ule sikujua hata neno moja. Basi mara zote zilizofuata nilishika. Watu wakiniuliza, uliona? Ningewaambia nini? Kwamba wenzangu waliona roketi, mimi nilishika mifuniko?"

Mimi nikajishughulisha na kukusanya vikombe.

Zuhura ndiye aliyeuliza. Hakukuwa na dirisha?

"Kilikuwepo kidirisha, lakini kilitazama upande mwingine. Nilichoona ni maji. Maji yalikuwa ya kijani, yakageuka rangi ya chungwa, halafu yakarudi kijani. Na mifuniko ilitetemeka mpaka mifupa ya hapa," akagusa viwiko. "Halafu basi."

Kwa muda gani?

"Muda mfupi. Ukivuta pumzi mara mbili, imekwisha. Nilikuwa nikijiuliza, mbona ni fupi hivi, na kazi yote ile? Hadi nilipokuja kuona kwenye televisheni zile roketi kubwa za watu zinapanda taratibu, nikasema kumbe ndivyo ilivyo, mimi sikusikia vizuri tu. Nikaanza kusimulia hivyo."

Zuhura akaiweka tableti chini. Alikuwa ameshaelewa kabla yangu. Ile filamu ya shuleni ilikuwa fupi vilevile. Masikio ya Mpishi yalikuwa na ukweli miaka yote, naye akauacha akachukua wa televisheni, kwa kuona haya kusema alikuwa jikoni.

Mtoto akaenda jikoni, akarudi na mifuniko miwili ya sufuria kubwa. Akaiweka juu ya meza mbele ya babu yake, akasema neno moja kwa Kiingereza, kwamba amwonyeshe. Mpishi akaishika mikono ile midogo, akaiweka juu ya mifuniko, akaanza kuigonga meza kwa chini kwa ngumi zake. Kwa muda wa pumzi mbili. Kisha akaacha.

Mara ya tatu setilaiti ilikwenda kweli. Ilikuwa asubuhi yenye mvua, tulikuwa wanne tu, binti yake ameomba ruhusa kazini. Mpishi alikaa mbele kabisa. Niliona mikono yake imeanza kutafuta kitu cha kushika, ikaenda juu ya meza ilipokuwa mifuniko, maana tangu siku ile ilibaki palepale. Zuhura akawahi. Akaivuta mifuniko kwake, akaweka viganja vyake juu, akamwambia kwa Kiingereza kwamba leo anaishika yeye, Babu atazame.

Mpishi akaanza kuhesabu, dieci, nove, otto, kisha akasimama. Akatikisa kichwa. "Hapana," akasema, na akaendelea alipofikia, "saba, sita, tano." Sisi wote tukaingia, hata binti yake aliyekuwa akilia tayari. Nne, tatu, mbili, moja. Roketi ikapanda, mara hii taratibu kweli, moshi mweupe ukajaa, na Mpishi akaitazama kwa macho mawili mpaka ikawa nukta. Hakupepesa. Zuhura akabaki amekandamiza mifuniko kwa nguvu zake zote, ingawa hakuna kilichotetemeka Edmonton.

Wakatangaza kwamba setilaiti imejitenga salama. Nikapiga vigelegele, jirani wa ukuta wa pili akagonga, nikapiga tena. Mpishi alifuta miwani. "Zamani sisi tulitoa bahari na chakula," akasema. "Hawa wametoa akili. Roketi ni ya watu, lakini mzigo ni wetu." Alirudia hayo, mzigo ni wetu, siku nzima, hata kwa mtu wa posta.

Kesho yake alfajiri dari langu likahesabu tena. Kwa Kiswahili.

Miezi kadhaa baadaye alibisha kwangu akaniuliza kama hospitalini tuna dawa ya woga. Nikamuuliza woga wa nini. Akasema amekata tiketi mbili. Anataka Zuhura aone kule, na yeye akasimame kaburini kwa mama yake. Niliwasindikiza Heathrow, mikono yake ikiwa ya baridi kama ya mgonjwa anayepelekwa chumba cha upasuaji. Jioni ya pili nikapata ujumbe wa sauti kutoka kwa Zuhura, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, ulikuwa wa Kiswahili, chenye kujikwaa kidogo: "Shangazi, Babu alikaa dirishani. Hakufumba macho."

Nilimwona aliporudi, kwenye ngazi, lifti mbovu. Tulipumzika pamoja ghorofa ya pili, yeye na begi lake la unga wa mbaazi na viungo. Akanisimulia alivyokaa kaburini tangu alasiri mpaka magharibi. Akanisimulia kituo cha nchi kavu kule kwao, na vijana wetu, wavulana kwa wasichana, wanaokaa mbele ya mitambo wanazungumza na setilaiti. Walimpokea vizuri, wakamwita Babu, wakamwambia wanazungumzia siku moja kurusha tena kutoka pale pale, safari hii iwe kazi yetu.

"Na ukawauliza nani anawapikia," nikasema.

"Niliuliza. Wakanipeleka jikoni. Ni mama mmoja, mtu wa Ngomeni, ana mkono mzuri." Akanyanyua begi, akapanda ngazi mbili, akasimama. "Nikamwambia, siku hiyo ikifika, funga gesi, funga sufuria zako vizuri. Halafu mifuniko iache ianguke. Wewe toka nje."